Mtoto wa shida hajapotea: yale Emmy Werner aliyojifunza kwa miaka 40

Mara nyingi baada ya ibada, wazee na wamama wa kanisa wakiongea juu ya vijana wetu, neno hili linatoka: "Watoto hawa wamezaliwa katika vita, wamekulia katika kukimbia, wameharibika tayari." Wengine wanalisema kwa uchungu, wengine kwa sababu wamechoka. Lakini je, ni kweli? Je, mtoto aliyeanza vibaya ni lazima amalize vibaya?

Kuna mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akitafuta jibu la swali hilo. Jina lake ni Emmy Werner, mwanasaikolojia, yaani mtaalamu wa mambo ya nafsi na tabia ya mwanadamu. Hakujibu kwa maoni. Yeye na wenzake waliwafuata watoto wa kisiwa kimoja tangu walipozaliwa hadi walipofika umri wa miaka 40. Waliyoyaona yanawahusu wazazi, walimu na wachungaji wa kwetu, ingawa kisiwa chenyewe kiko mbali sana na Kivu na Ituri.

Msichana wa wakati wa vita

Emmy Werner alizaliwa mwaka 1929 huko Eltville, mji mdogo kando ya mto Rhine nchini Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza mwaka 1939, wakati yeye alikuwa na umri wa karibu miaka 10. Ilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ya nchi yake ilikuwa imebomolewa na mabomu, na watu kwa mamilioni walikuwa njiani wakitafuta makao. Kwa hiyo utoto wake ulipita katika wakati ambao watoto wetu wanaujua vizuri.

Baadaye alivuka bahari kwenda Marekani kusoma. Mwaka 1955 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nebraska, kisha akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, akishughulika na maendeleo ya mtoto. Hakuwasahau watoto wa vita. Mwaka 2000 alitoa kitabu juu ya watoto walioishi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwaacha waseme kwa maneno yao wenyewe, wale wa pande zote zilizopigana. Alifariki mwaka 2017.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane duniani ni ile ya kisiwa cha Kauai.

Watoto 698

Kauai ni kimoja cha visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki. Wakati ule watu wengi wa pale waliishi kwa kazi ya mashamba makubwa ya miwa na mananasi. Wenyeji wa Hawaii waliishi pamoja na watu ambao wazazi au babu zao waliletwa kufanya kazi katika mashamba hayo kutoka Japani, Ufilipino, Ureno na kwingineko. Hawakuwa watu wa mali. Wababa wengi walikuwa vibarua, na wamama wengi hawakumaliza shule ya sekondari.

Mwaka 1955 walizaliwa pale watoto 698 ambao uchunguzi huu uliwafuata. Wauguzi, madaktari, wafanyakazi wa huduma za jamii na wanasaikolojia waliungana katika kazi hiyo. Pamoja na Werner alikuwepo Ruth Smith, mwanasaikolojia aliyefanya kazi palepale kisiwani, na wawili hao wakaandika pamoja vitabu kadhaa juu ya watoto hao. Waliwatazama watoto walipokuwa na mwaka 1, miaka 2, miaka 10, miaka 18, kisha walipokuwa watu wazima wa miaka 32 na miaka 40.

Tufikiri kidogo juu ya uvumilivu wa namna hiyo. Mtu akimtazama kijana wa miaka 17 anayeiba na kulewa, ni rahisi aseme, "Huyu amekwisha." Werner alikuwa na kijana kama huyo katika daftari zake. Hakufunga daftari. Alingoja, akarudi tena baada ya miaka 14.

Mzigo unaovunja ni mzigo uliolundikana

Jambo la kwanza walilojifunza ni namna shida za nyumbani zinavyomwumiza mtoto. Waliandika mambo yanayomweka mtoto katika hatari: umaskini wa kudumu, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa wazazi au kuachana kwao, ulevi au ugonjwa wa akili wa baba au mama, na mama ambaye hakupata masomo ya kutosha.

Waliona kwamba shida moja peke yake, mara nyingi, haimvunji mtoto. Kinachovunja ni shida zinazolundikana. Tunawajua wamama wanaobeba mizigo kwa kamba kwenye paji la uso katika miinuko ya Bukavu. Gunia moja, mama anapanda nalo. Ukimwongezea la pili, anainama. Ukimwongezea la tatu na la nne, magoti yanakatika, hata kama ni mwanamke mwenye nguvu. Hatusemi kwamba mama huyo ni dhaifu. Tunasema mzigo ulizidi.

Mfano mmoja ulikuwa wazi sana. Watoto wengine walipata matatizo wakati wa kuzaliwa. Wale waliolelewa katika nyumba tulivu, kwa sehemu kubwa, waliwafikia wenzao. Wale waliolelewa katika nyumba yenye umaskini na fujo ndio waliobaki nyuma zaidi. Jeraha lilikuwa moja, lakini nyumba zilikuwa mbili tofauti.

Karibu theluthi moja ya watoto wa Kauai walihesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Kati yao walikuwepo watoto 201 ambao, kabla ya kufika miaka 2, walikuwa wamekwisha kubebeshwa mambo manne au zaidi ya yale tuliyoyataja. Wengi wao, yaani 129, waliingia katika matatizo makubwa: kushindwa shuleni, tabia ngumu, makosa mbele ya sheria, magonjwa ya nafsi, au mimba kabla ya miaka 18. Tusifiche jambo hili. Shida za nyumbani zinaumiza watoto, na mtu anayesema "watoto husahau haraka" anajidanganya.

Swali ambalo wengi hawakuliuliza

Watafiti wengi wa wakati ule wangeishia hapo. Walikuwa wakitafuta kinachoharibu mtoto, na walikuwa wamekipata. Werner aliwageukia wale waliobaki. Kati ya watoto 201 wenye mizigo mizito, watoto 72, wavulana 30 na wasichana 42, hawakuharibika. Walisoma, wakafanya kazi, wakajenga nyumba zao, wakawa watu wenye kuwajali wengine. Walipofika miaka 40, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa bila kazi, hakuna aliyekuwa amepatikana na kosa mbele ya sheria, na hakuna aliyeishi kwa msaada wa serikali.

Werner akauliza: hawa walipata nini ambacho wenzao hawakukipata? Kitabu alichokitoa na Smith mwaka 1982 kilibeba wazo hilo hata katika jina lake: watoto hawa wanaweza kujeruhiwa, lakini hawashindwi. Wataalamu wanauita uwezo huo ustahimilivu. Majibu aliyoyapata tunaweza kuyapanga hivi.

*Kwanza, tabia ya mtoto mwenyewe.* Wengi wao walipokuwa wachanga walikuwa watoto wachangamfu, wapole, wepesi kupendwa. Walipofika miaka 10 walijua kusoma vizuri, na wengi walikuwa na kitu walichopenda kukifanya na ambacho kiliwapa furaha wakati nyumba ilikuwa na kelele.

*Pili, mtu mmoja aliyesimama.* Hili ndilo jambo kubwa. Hata kama baba alikuwa mlevi au mama alikuwa mgonjwa wa akili, mtoto huyu alikuwa amepata, tangu udogo wake, angalau mtu mzima mmoja mwenye utulivu aliyempenda na kumjibu alipolia. Mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa nyanya au babu, shangazi, mjomba, dada au kaka mkubwa. Ilisaidia pia kama mtoto hakufuatwa haraka na mdogo wake: wengi wao walikuwa na nafasi ya miaka 2 au zaidi kabla ya mwingine kuzaliwa, na hivyo walipata muda wa kubebwa na kuangaliwa.

*Tatu, kazi yenye maana.* Wengi wa watoto hawa walipewa madaraka nyumbani: kulea wadogo, kupika, kusaidia wakati mzazi ni mgonjwa. Hatuzungumzii mtoto anayechimba mawe au kubeba mizigo mchana kutwa. Tunazungumza juu ya mtoto anayejua kwamba nyumba inamhitaji, na kwamba anaweza.

*Nne, watu wa nje ya nyumba.* Mwalimu aliyempenda, jirani, kiongozi wa vijana, rafiki mwema, mtu wa kanisani. Watoto hawa walijua kuwatafuta watu wa namna hiyo na kukaa karibu nao.

*Tano, imani.* Werner hakuwa anahubiri. Aliandika aliyoyaona, na aliona kwamba imani iliwapa wengi wao maana ya maisha na tumaini katika shida. Tuseme ukweli: watu wa Kauai walikuwa wa dini mbalimbali, Waprotestanti, Wakatoliki, Wabudha na wengine. Lakini sisi tuliopewa Injili tunaweza kusikia hapa jambo tunalolijua. Imani iliyomsaidia mtoto haikuwa maneno tu. Ilikuja pamoja na watu waliomwita kwa jina lake na kumwekea nafasi kati yao.

Paulo anapomwandikia Timotheo barua ya pili, anakumbuka imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na katika mama yake Eunike. Baba hatajwi pale. Nyanya anatajwa kwa jina. Wanyanya wengi wa makanisa yetu, ambao leo wanalea wajukuu kwa shamba dogo na nguvu kidogo, wanapaswa kusikia hili: kazi yao si ya kujaza pengo tu. Kauai inaonyesha kwamba nyanya anaweza kuwa ndiye mlango ambao mtoto anapitia kuingia katika maisha.

Mlango wa pili

Je, wale 129? Hapa ndipo kazi ya Werner ilipozaa matunda ambayo watu wengi hawakuyatazamia. Walipofika miaka 32, na zaidi walipofika miaka 40, wengi wa vijana waliokuwa na matatizo walikuwa wamesimama tena. Wasichana waliopata mimba mapema, wengi wao, walikuwa wamerudi masomoni, wamepata kazi, na wanalea watoto wao vizuri. Vijana waliokuwa wamevunja sheria, wengi wao, hawakuendelea katika njia hiyo.

Ni nini kilichowageuza? Kwa wengi hakikuwa kikao na mtaalamu, ingawa kuna waliosaidiwa hivyo. Kilikuwa nafasi ya pili: kurudi kusoma katika umri mkubwa, kujifunza kazi jeshini, kuoana na mtu mwenye utulivu, kuponea chupuchupu katika ugonjwa mzito na kuyafikiri maisha upya, au kuokoka na kuingia katika ushirika wa waamini waliowapokea. Mlango huo ulifunguka wakati wao walikuwa na miaka 20 na zaidi, wakati ambapo majirani walikuwa wamekwisha kuwahukumu.

Si wote waliosimama. Kati ya wale ambao matatizo yao yaliendelea, wengi walikuwa wameishi miaka mingi na mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Na hata wale 72 walikuwa na makovu: baadhi yao walilazimika kukaa mbali kidogo na wazazi wao ili fujo za nyumbani zisiwameze. Ustahimilivu si kutokuumia.

Mwezi wa Septemba 1992, wakiwa na umri wa karibu miaka 37, kimbunga kikali kilichoitwa Iniki kilipiga Kauai na kuharibu nyumba nyingi. Watafiti walikirudia kisiwa hicho baadaye, na bado waliwakuta watu wengi wa kundi hili wakiendelea na kazi zao, familia zao na maisha yao.

Kwa makanisa yetu

Kauai haikuwa na vita. Ilikuwa na shule, hospitali na amani. Kwa hiyo tusichukue hesabu za kule na kuzibandika juu ya watoto wa kambi zetu. Watoto wetu wamebeba mizigo ambayo daftari za Werner hazikuwa na mstari wa kuiandika. Lakini mambo yaliyowashikilia watoto wa Kauai hayahitaji fedha nyingi, na kanisa linayo mkononi.

La kwanza, kila mtoto awe na mtu. Mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto 80 hawezi kuwa nyanya wa wote. Lakini wamama, wababa na vijana wa parokia wanaweza kugawana. Mtoto aliyefiwa na wazazi, au aliye katika familia ya watu waliompokea wakati wa kukimbia, awe na mtu mzima mmoja wa kanisa anayejua jina lake, anayeuliza kwa nini hakuja, anayemsikiliza. Asiwe mtu wa wiki mbili. Awe mtu wa miaka.

La pili, tuache kumwita mtoto mwenye mzigo kuwa mchawi. Mtoto aliyeona vita anaweza kukojoa kitandani akiwa mkubwa, kulia usiku kwa ndoto mbaya, kunyamaza, kupiga wenzake, kushindwa darasani. Hizo ni dalili za mtoto aliyezidiwa. Katika baadhi ya nyumba za maombi zimeitwa uchawi, na watoto wamefungwa, wamenyimwa chakula, wamefukuzwa. Sheria ya nchi yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi na inaweka adhabu. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, anayefanya hivyo anamnyang'anya mtoto yule mtu mmoja ambaye angeweza kumshikilia.

La tatu, tusifunge mlango wa pili. Msichana aliyepata mimba anaondolewa katika kwaya, na mara nyingi harudi tena. Kijana aliyetoka katika kundi lenye silaha anakaa benchi la nyuma, na hakuna anayekaa karibu naye. Nidhamu ya kanisa ina nafasi yake. Lakini nidhamu isiyo na siku ya kurudi inakuwa hukumu ya milele, nayo si yetu kuitoa. Wasichana wa Kauai walisimama kwa sababu kulikuwa na mahali pa kurudi: darasa, kazi, nyumba, ushirika.

La nne, tujue pia mwisho wa uwezo wetu. Mtoto asiyelala kwa miezi, anayetaka kujiumiza, au aliyetendewa jeuri ya mwili, anahitaji maombi na anahitaji pia mtu aliyesomea kazi hiyo. Kumpeleka si kukosa imani. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya jumuiya ya Kiprotestanti ya CEPAC, inatibu mwili na kuhudumia pia nafsi za walioumizwa. Kanisa lenyewe ndilo lililoweka huduma hizo mbili chini ya paa moja.

Katika mkutano ujao wa wazee, au wa wamama, au wa walimu wa shule ya Jumapili, chukueni orodha ya watoto wa parokia. Pitieni jina moja moja na kuuliza: huyu, mtu wake ni nani? Pale ambapo hakuna anayejibu, mmoja wenu aandike jina lake mwenyewe kando ya jina la mtoto huyo, kisha aende kumtembelea wiki hiyohiyo.

Bwana awabariki ninyi nyote mnaolea watoto ambao hamkuwazaa.